Kipimo Kinacheza kwenye PLC: Filta, Kebo, Isoleta au Kubadili Ishara?

Kwenye viwanda vingi nilivyopita, dawa ya kwanza ya kipimo kinachocheza ni namba inayobadilishwa ndani ya programu. Presha inaruka kwenye skrini, fundi anafungua laptopu, anapandisha filta kutoka sekunde 1 hadi 5, mstari wa grafu unanyooka, kila mtu anarudi kwenye shughuli zake. Na mimi nilifanya hivyo miaka yangu ya mwanzo. Haigharimu kitu, hupandi ngazi, mtambo hausimami. Shida ni kwamba kelele ya umeme inabaki kwenye waya kama ilivyokuwa, ila sasa huioni, na PLC, ile kompyuta ndogo inayoongoza mtambo, nayo inachelewa kuona mambo ya kweli yanayotokea kwenye bomba au tenki.

Njia zinazotumika sana ni nne. Ya kwanza ni hiyo filta. Ya pili ni kurekebisha kebo, wavu wake (nyuzi za chuma zinazozizunguka nyaya ndani ya kebo) na ethi. Ya tatu ni kuweka isoleta, kifaa kinachopitisha ishara bila kuunganisha umeme wa pande mbili, katikati ya sensa na PLC. Ya nne ni kuacha ishara ya volti, 0–10 V, na kuhamia ya mkondo, 4–20 mA. Zote nne ni njia halali. Ila kila moja inatibu ugonjwa wake, na ukikosea utalipia kifaa ambacho hakikuwa na kazi ya kufanya pale. Msimamo wangu nautanguliza: chagua kwa kutazama kelele inaingilia wapi, na filta iwe ya mwisho kuguswa.

Kwanza ujue kinachocheza ni nini

Wakati mwingine sensa inasema kweli. Tenki lenye kichanganyio kinachozunguka lina mawimbi juu, na sensa ya usawa itayaonyesha mawimbi hayo. Pampu ya pistoni inasukuma kwa mapigo, na presha inapanda na kushuka kwa kila pigo. Hapo hakuna umeme wa kulaumu. Weka geji ya mshale kwenye bomba lilelile, karibu na sensa, uitazame kwa dakika mbili. Mshale ukicheza sambamba na skrini, tatizo ni la maji, mvuke au mafuta yenyewe, na dawa yake ni ya kimitambo: kizuizi kidogo cha mapigo kwenye kiungio cha sensa, au kuhamisha sensa mbali na mdomo wa pampu.

Jaribio linalosahaulika kuliko yote ni kuiondoa PID, sehemu ya programu inayorekebisha pampu au vali ili kipimo kibaki panapotakiwa, kwenye otomatiki. Iweke kwenye hali ya kuendeshwa kwa mkono, ishikilie pampu kwenye kasi moja, usubiri. Kama kucheza kunakoma, sensa yako haina kosa. PID imepangwa kwa ukali kupita kiasi, au vali inanata kisha inaachia ghafla, na kinachoyumba ni mfumo mzima. Nimeshuhudia transmita tatu, yaani sensa zenye saketi yake ya kutuma ishara, zikibadilishwa mfululizo kwenye laini moja ya mvuke kabla ya mtu kufanya jaribio hili la dakika tano.

Kuna pia kucheza kusiko na maana yoyote. PLC ndogo kama S7-1200 ya Siemens yenye CPU 1214C ina ingizo mbili za analogi za 0–10 V, na usahihi wake ni biti 10. Hatua moja ndogo ni takriban milivolti 10. Kwa sensa ya bar 0 hadi 10, hiyo ni bar 0.01. Tarakimu ya pili baada ya nukta ikirukaruka kwa moja juu na moja chini, kifaa kinafanya kazi kama kilivyoundwa. Punguza tarakimu kwenye skrini, uende kwenye mambo mengine.

Ukishaondoa hayo matatu, tafuta kelele inaingilia wapi. Chukua kalibreta ya miliampea, kifaa kinachotoa mkondo unaoutaka. Chomoa nyaya za sensa kwenye terminali za paneli, ingiza 12 mA pale pale, ambayo ni asilimia 50 ya kipimo. Skrini ikicheza, ugonjwa uko ndani ya paneli: pawa saplai, kadi ya PLC inayopokea ishara, au nyaya za ndani. Ikitulia, rudisha nyaya, nenda upande wa sensa, chomoa sensa na uingize 12 mA ileile kupitia kebo yote. Ikicheza sasa, kebo ndiyo inayoleta kelele. Ikitulia, imebaki sensa au mahali ilipofungwa. Kwa ishara ya volti fanya vivyo hivyo na 5 V. Halafu zima inveta, yaani kile kifaa kinachobadili kasi ya mota, moja baada ya nyingine, ukitazama ni ipi inayotuliza skrini ikizimwa. Majaribio haya yote hayafiki saa moja, na ndiyo yanayoamua ni ipi kati ya njia nne ununue.

Filta: rahisi kuweka, ghali baadaye

Filta za PLC ni za aina kuu mbili, nazo hazilingani kwa thamani. Ya kwanza iko kwenye kadi yenyewe, kabla namba haijaingia kwenye programu. Kadi ya analogi ya S7-1200, kwa mfano, inakuruhusu kuchagua kukataa kelele ya 10, 50, 60 au 400 Hz. Hii ni filta ninayoipenda. Umeme wa gridi ya Tanzania, Kenya na Uganda ni 50 Hz, na kadi iliyopangwa 50 Hz inapima kwa muda unaolingana na wimbi zima la milisekunde 20, hivyo nusu ya juu na nusu ya chini zinafutana. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani inaweza kufika ikiwa imepangwa 60 Hz, na hakuna anayekumbuka kuigusa. Angalia hapo kabla ya kitu kingine chochote. Ni filta isiyoharibu kitu kwa karibu vipimo vyote vya kiwandani.

Ya pili ni ile ya programu: wastani wa sampuli kadhaa, au mlinganyo wa kulainisha wenye muda wake wa sekunde. Wastani wa sampuli 16 unapunguza kelele isiyo na mpangilio hadi robo. Hilo ni zuri. Lakini kelele ya viwandani mara nyingi ina mpangilio, na hapa ndipo mafundi wengi wanapotegwa. Tuseme programu inasoma ingizo kila milisekunde 101, na kadi imeachia kelele ya 50 Hz ipite. Kati ya sampuli moja na nyingine wimbi linazunguka mara 5.05. Kile kipande cha 0.05 kinajilimbikiza, na baada ya sampuli 20 unaona wimbi zima limepita. Kwenye skrini hiyo ni presha inayopanda na kushuka taratibu kila sekunde mbili, kama pampu inayohema. Ukiitazama huwezi kuamini kuwa ni umeme wa 50 Hz. Filta ya programu nayo haiwezi kujua, kwa sababu kufikia hapo kelele imeshavaa sura ya kipimo halisi. Kelele ya namna hii huzuiwa kwenye kadi au kwenye waya.

Kwa miruko ya ghafla, ile ya kontakta (swichi kubwa ya kuwasha mota) inapojifunga, filta ya thamani ya kati ni bora kuliko wastani. Inachukua sampuli tano, inazipanga kwa ukubwa, inatoa ya katikati. Mruko mmoja mkubwa unatupwa nje kabisa, ilhali kwenye wastani ungechangia sehemu yake ya tano.

Gharama ya filta ni ucheleweshaji. Filta ya kulainisha yenye muda wa sekunde 8 inafikia asilimia 63 tu ya badiliko baada ya sekunde 8, na asilimia 95 baada ya sekunde 24. Kwa joto la tanuri kubwa hakuna ubaya. Kwa presha ya maji, sekunde 24 ni muda wa kutosha bomba kupasuka. Nitarudi kwenye hilo.

Kebo, wavu na ethi: kazi chafu inayolipa

Hii ndiyo njia ninayoitetea zaidi, na ndiyo inayokimbiwa zaidi, kwa sababu inamaanisha kufungua trei, kupanda ngazi na kuchafuka. Vifaa vyake ni bei ndogo ukilinganisha na isoleta au transmita mpya. Gharama yake kubwa ni saa za fundi.

Kinachosumbua zaidi siku hizi ni inveta. Ndani yake swichi zinawaka na kuzima mara elfu kadhaa kwa sekunde, kwa kawaida kati ya 2 na 16 kHz, na kila ukingo wa wimbi ni mkali kiasi cha kutoa kelele ya megahezi. Kebo ya mota ikilala kwenye trei moja na kebo ya sensa, imefungwa nayo kwa taizipu ile ile, ya sensa inakuwa antena. Zitenganishe. Sentimita 20 hadi 30 zinaleta tofauti kubwa, trei ya chuma tofauti ni bora zaidi, na pale lazima zikutane zipishane kwa msalaba wa nyuzi 90.

Kebo ya sensa iwe ya nyaya zilizosokotwa. Msokoto ule unafanya kazi kubwa: kelele inayoingia kwenye kipande kimoja inafutwa na kipande kinachofuata, ambapo nyaya zimebadilishana upande. Nimekuta mafundi wakitumia waya mmoja kutoka kebo hii na wa kurudi kutoka kebo nyingine kwa sababu moja ilikatika. Hapo unakuwa umetengeneza fremu kubwa ya kunasia kelele, na hakuna wavu utakaokuokoa.

Wavu wenyewe una ubishi wa miaka: uunganishwe upande mmoja au pande zote mbili? Kwa kebo ya sensa, naunganisha upande wa paneli tu, upande wa sensa naukata na kuufunika vizuri kwa tepu au mpira ili usiguse mwili wa chuma. Sababu ni kitanzi cha ethi: wavu uliounganishwa pande mbili zenye ethi zisizolingana unapitisha mkondo, na mkondo huo unaipa kelele ishara uliyotaka kuilinda. Kwa kebo ya mota ya inveta ni kinyume, wavu unaunganishwa pande zote mbili, kwenye inveta na kwenye mwili wa mota, kwa klampu ya chuma inayokumbatia wavu mzima. Kelele ya masafa ya juu inahitaji njia fupi na pana ya kurudi ilikotoka. Paneli na uwanja vikiwa na ethi moja imara ya pamoja, kuunganisha pande mbili hata kwa kebo ya sensa kunaweza kusaidia dhidi ya megahezi, lakini sijakutana na viwanda vingi vyenye ethi ya namna hiyo.

Tazama pia wavu unavyoishia ndani ya paneli. Mara nyingi umesokotwa kuwa mkia wa sentimita 10 na kuingizwa kwenye terminali. Unaonekana nadhifu. Kwa 50 Hz hauna neno. Kwa 10 MHz mkia ule una ukinzani wa takriban omu 6, na kelele inaona mlango umefungwa nusu. Klampu iliyobana wavu moja kwa moja kwenye reli ya ethi, pale kebo inapoingilia paneli, inamaliza hilo.

Ukanda wa pwani, iwe Tanga, Mombasa au Mtwara, una adui wa ziada: unyevu wenye chumvi. Fungua kisanduku cha kiungio karibu na sensa. Ukikuta shaba imegeuka kijani na tone la maji limekaa chini, umeshapata jibu bila kalibreta. Kata sentimita chache hadi ufikie shaba safi, weka feruli, badilisha mpira wa glendi, na kebo iingilie kisanduku kutoka chini ili maji yadondoke kabla ya kufika ndani.

Neno moja la usalama, na nalisema kwa uzito. Ukiambiwa tatizo ni kitanzi cha ethi, usikate waya wa kijani na njano wa kinga ili kukivunja. Kipimo kitatulia, na mwili wa mota au sensa utabaki bila njia ya kupeleka hitilafu ardhini. Mtu atakayeugusa siku hitilafu ikitokea atakuwa yeye ndiye njia hiyo. Kitanzi kinavunjwa kwenye wavu wa ishara au kwa isoleta. Ethi ya kinga haiguswi.

Isoleta: dawa ya ugonjwa mmoja

Isoleta ni kifaa chembamba cha kubana kwenye reli ya paneli. Inapokea ishara upande mmoja, inaitoa upande wa pili ikiwa ileile, bila waya wowote kupita katikati. Kwa hiyo tofauti ya ethi kati ya uwanja na paneli haina njia ya kupita.

Inang'ara pale sensa inapokuwa kwenye jengo jingine. Nyumba ya pampu mita 200 kutoka kiwandani ina fimbo yake ya ethi, kiwanda kina yake. Msimu wa kiangazi udongo unakauka, ukinzani wa fimbo unapanda, na tofauti ya volti kati ya ethi mbili inaongezeka. Hapo unapata kipimo kinachotulia wakati wa mvua na kucheza mwezi wa tisa. Pima kwa mita, kwenye AC, kati ya 0 V ya paneli na mwili wa sensa. Ukikuta volti moja au zaidi, isoleta imepata kazi. Inafaa pia pale sensa kadhaa zinapoingia kadi moja ambayo chaneli zake zinashirikiana 0 V: ukiwasha sensa ya tatu, ya kwanza inahama. Dalili hiyo ikitokea, usihangaike na kebo.

Lakini kelele iliyokwisha kuingia kati ya waya wa kwenda na wa kurudi ni sehemu ya ishara machoni pa isoleta. Itaipitisha kwa uaminifu kama inavyopitisha kipimo. Niliwahi kuitwa sehemu ambako isoleta nne zilinunuliwa, kila moja kwa bei iliyokaribia ya sensa yenyewe, na skrini ikaendelea kucheza vilevile. Kebo zilikuwa zimelala juu ya kebo za mota kwa urefu wa karakana nzima.

Angalia pia volti. Isoleta isiyo na pawa yake inakula volti kadhaa kutoka kwenye mzunguko wa sensa. Saplai ni 24 V. Transmita nyingi zinahitaji angalau 10 hadi 12 V. Rezista ya omu 250 inakula 5 V mkondo ukifika 20 mA, ya omu 500 inakula 10 V. Jumlisha kabla ya kununua. Mzunguko ukikosa volti, kipimo kinakwenda vizuri hadi katikati, kisha kinagoma kupanda, na utatafuta hitilafu ya sensa ambayo haipo.

Kutoka 0–10 V kwenda 4–20 mA

Kama sensa ni ya 0–10 V na iko zaidi ya mita 10 au 15 kutoka PLC, huu ndio uamuzi ninaoupendekeza kabla ya isoleta na kabla ya filta. Ishara ya volti inabeba kila kinachotokea njiani. Sensa ya nyaya tatu inatumia 0 V moja kwa pawa na kwa ishara. Tuseme inavuta 20 mA, na kebo ni ya mita 100 yenye waya wa milimita mraba 0.75. Waya ule wa kurudi una takriban omu 2.4, na unapoteza milivolti 50 hivi, nusu asilimia ya kipimo kizima. Hiyo peke yake si kitu. Lakini mtu akichukua 0 V kutoka waya huohuo kwa ajili ya koili ya vali, kila vali inapofunguka kipimo kinaruka.

Ishara ya mkondo haina hofu hiyo. Transmita inasukuma mkondo inaoutaka, na waya ukiwa na omu 5 au 50 haijali, ilimradi volti zinatosha. Kelele inayoingia njiani kama volti inaishia kumezwa na transmita yenyewe badala ya kuhesabiwa kama presha. Na kuna zawadi ya pili: sifuri iliyo hai. Bar 0 ni 4 mA. Waya ukikatika mkondo ni 0, na PLC inajua mara moja kuwa hiyo si bar 0. Mwongozo wa NE 43 wa NAMUR, jumuiya ya watumiaji wa vifaa vya otomatiki viwandani, unachukua 3.8 hadi 20.5 mA kuwa eneo la kipimo, na 3.6 mA kushuka chini au 21 mA kupanda juu kuwa hitilafu. Kwenye 0–10 V waya uliokatika unaweza kuonyesha sifuri tulivu kabisa, na PID ikaamini na kuipandisha pampu hadi mwisho.

Ile hadithi ya bomba ilitokea hivi. Kiwanda kimoja cha vinywaji kilikuwa na pampu za maji zinazoongozwa na inveta, sensa ya 0–10 V ya bar 0 hadi 10, kebo ya mita 40. Pampu ikisimama skrini ilitulia kwenye 4.0. Pampu ikizunguka, namba ziliruka kati ya 3.6 na 4.5. Fundi aliyetangulia aliweka filta ya sekunde 8 na grafu ikawa nzuri mno. Siku nilipofika, opareta aliniambia, "Fundi, namba ziko sawa, ila viungio vinaachia." Nikaomba vali ya laini ya kuosha chupa ifungwe ghafla, nikasimama mbele ya geji ya mshale nikiwa nimeshika simu inayoonyesha skrini. Sekunde nne baada ya vali kufungwa mshale ulikuwa kwenye 6, skrini ikisema 4.8. PID ilikuwa ikisukuma kwa kuamini habari za zamani.

Tulianza na kebo. Ilikuwa imefungwa pamoja na ya mota kwa mita 30. Kuitenganisha tu kulishusha mruko kutoka bar 0.9 hadi 0.3. Kisha sensa ya 4–20 mA ikawekwa, na kwa sababu CPU ya PLC yao haina ingizo la mkondo, tukatumia rezista ya omu 500 kuugeuza kuwa 2–10 V. Mruko ukabaki bar 0.02 juu na chini. Filta ikarudi nusu sekunde.

Ukifuata njia ya rezista, mambo matatu. Iwe kwenye terminali za PLC, kamwe isiwe upande wa sensa, la sivyo umerudisha volti kwenye kebo ndefu na kazi yote imepotea. Iwe ya usahihi wa asilimia 0.1, na ya nusu wati au zaidi, kwa sababu kwenye 20 mA inatoa joto la wati 0.2 muda wote. Na ubadilishe mizani kwenye programu: kwenye namba ghafi ambazo PLC inasoma, 4 mA sasa ni 5530, sio 0, na 20 mA ni 27648. Ukisahau, bomba tupu litasoma bar 2.

Ubaya wa njia hii ni kwamba unanunua sensa mpya, na laini lazima isimame ili uifunge. Kwa mashine ndogo ambayo sensa iko mita mbili kutoka PLC ndani ya fremu moja, 0–10 V inatosha kabisa, sioni sababu ya kuigusa.

Joto lina sheria zake

Vipimo vya joto siviweki kwenye mizani hii moja kwa moja. Thamokapo ya aina K, sensa ya nyaya mbili za metali tofauti, inatoa takriban mikrovolti 41 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Kelele ya milivolti moja, ambayo kwenye 0–10 V usingeiona, hapa ni zaidi ya nyuzi 24. Pt100, sensa ya platini ambayo ukinzani wake hupanda na joto, inabadilika omu 0.385 kwa nyuzi, kwa hiyo terminali iliyoota kutu na kuongeza omu moja kwenye sensa ya nyaya mbili inakupa nyuzi 2.6 za uongo, zinazokuja na kuondoka kadiri mashine inavyotikisika. Kwa Pt100 hamia nyaya tatu. Kwa zote mbili, umbali ukizidi mita chache, weka transmita ndogo ndani ya kichwa cha sensa ili kinachosafiri kiwe 4–20 mA. Kununua kebo ghali ya kurefusha thamokapo kwa mita 80 kati ya inveta ni uamuzi ambao siungi mkono hata siku moja.

Njia ya kidijitali ipo pia. IO-Link, ambayo sensa inatuma namba badala ya volti au mkondo, inaishia mita 20 na inahitaji masta yake (kifaa cha kuipokea), basi ni ya mashine mpya zaidi kuliko za kufufua. HART, inayobeba data ya ziada ya sensa, inapanda juu ya 4–20 mA ileile kwa mawimbi ya 1200 na 2200 Hz, kwa hiyo ukiwa nayo usiweke kapasita kwenye ingizo ukidhani unatoa kelele: utakuwa umeizima.

Ningechagua nini

Kelele inakuja na inveta moja inayojulikana, na kebo ya sensa iko karibu nayo: kebo na wavu, siku hiyohiyo, bila kununua kingine. Kipimo kinahama ukiwasha sensa nyingine, au majengo ni mawili: isoleta. Sensa ya volti iko mbali: 4–20 mA, hata kama inamaanisha kusubiri siku ya matengenezo. Miruko ya nadra ya kontakta ambayo kebo safi haikuimaliza: filta ya thamani ya kati ya sampuli tano. Wimbi la taratibu lisiloeleweka: mpangilio wa 50 Hz kwenye kadi. Na kama bajeti yote ya mwezi inatosha kitu kimoja, ningenunua kalibreta ya miliampea, maana bila hiyo hayo mengine yote unayachagua kwa kukisia.

Ukimaliza, chukua karatasi, andika kiasi cha kucheza kabla na baada, muda wa filta uliouacha na tarehe, uibandike ndani ya mlango wa paneli. Kwenye ile ya kiwanda cha vinywaji imeandikwa "0.5 s", na chini yake kwa kalamu nyekundu: usiongeze kabla ya kuangalia trei.